Duka la F-Droid kwenye simu yangu: nilifute au niliache?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Simu yangu ni Android ya kawaida, nafasi yake GB 32, na kila siku inanambia imejaa. Nilikuwa na programu ya nyakati za sala ambayo kila ikiadhini yanatokea matangazo, mpaka siku moja likatoka tangazo la kamari mbele ya wanafunzi wangu. Mtoto wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Alipokuja likizo aliifuta ile programu, akaniwekea duka jengine linaitwa F-Droid, na kutoka humo akaniwekea programu ya sala inayoitwa Al-Azan, ramani ya Organic Maps na kisomaji cha PDF. Wakati anaweka, simu ilitoa onyo kwamba inaweza kudhurika. Nikamuonesha fundi wa simu wa Chake Chake. Akasema hayo ni maduka ya wezi, vitu vya bure vina virusi, nifute kila kitu kabla pesa zangu za kwenye simu hazijapotea. Mwanangu mkubwa naye anataka nimuwekee GB WhatsApp kwa njia hiyohiyo. Sijui nimsikilize nani. Na kama ni vya bure, ni vya nani? Isije ikawa tunatumia haki ya mtu."

Wa alaykumu salaam, Maalim, na pole kwa fedheha ya siku ile mbele ya wanafunzi. Duka hilo usilifute. Liache, ila kuna mlango mmoja ambao kijana wako, yule mtoto wa dada yako, huenda ameuacha wazi alipokuwa akiliweka, na huo ufungwe leo. Nitakuelekeza hapo chini. Programu za pesa ziendelee kutoka Play Store kama zamani. GB WhatsApp usiiguse. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi, lakini wewe ni mwalimu, na naamini hutoridhika kuamrishwa na mimi kama ulivyoamrishwa na fundi.

Nianze na swali lako la mwisho, la haki ya mtu, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Programu yoyote ya simu kwanza huandikwa kama maandishi ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma mstari kwa mstari. Maandishi hayo tunayaita msimbo. Baadaye msimbo hugeuzwa kuwa faili ambalo simu inalielewa lakini mtu akilifungua haambulii kitu. Kampuni nyingi zinakupa faili hilo tu, na msimbo zinaufungia ndani. Waandishi wa programu huria wao wanauweka msimbo wenyewe hadharani, pamoja na leseni ya maandishi inayosema: tumia, soma, rekebisha, mpe mwenzako. Fikiria mtu aliyechimba kisima akakiweka wakfu. Anayeteka maji pale haibi, kwa sababu mwenye kisima ametamka kwa hiari yake kwamba ni cha watu. Leseni moja mashuhuri katika hizo, inayoitwa GPL, inaongeza sharti linalofanana sana na wakfu: ukikichukua kisima hiki ukakiboresha, ukawagawia watu, huna ruhusa ya kukizungushia ukuta. Kwa hiyo hamtumii haki ya mtu. Mnatumia mlichopewa. Kama umewahi kuangalia mawaidha kwa VLC, basi ulishaanza kuteka kwenye kisima hicho miaka mingi iliyopita bila ya kujua.

F-Droid ni duka linalokusanya programu za namna hiyo tu. Lilianzishwa mwaka 2010 na Ciaran Gultnieks wa Uingereza, si la biashara, linaendeshwa na watu wanaojitolea na kwa michango, na ndani yake sasa mna programu zaidi ya elfu tatu. Halikutaki ufungue akaunti. Halikuulizi jina, namba ya simu wala barua pepe.

Maduka ya wezi aliyoyataja fundi yapo, tena mengi, na hapo amesema kweli. Ni zile tovuti zinazogawa programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, na michezo "iliyofunguliwa sarafu zote". Hizo ni mali za watu, na aliyezivunja kufuli mara nyingi ametia na lake ndani. Kosa la fundi ni kuzitia F-Droid na tovuti hizo katika kapu moja kwa sababu zote zinakuja kutoka nje ya Play Store.

Sasa la virusi. Wewe uko Pemba, kwa hiyo nitatumia karafuu. Mkulima anaweza kukuletea gunia limeshashonwa, akakwambia ndani mna karafuu kavu za daraja la kwanza. Utalipima, utalinusa, utatia mkono juu juu, lakini la chini kabisa hulioni. Maduka mengi ya programu yanapokea magunia namna hiyo: mtengenezaji analeta faili lililokwishafungwa, duka linalipitisha kwenye vipimo vyake, likiwa halikuonesha ubaya linawekwa sokoni. F-Droid haipokei gunia lililoshonwa. Inamwambia mkulima: niletee mbichi, na shina lake. Inachukua msimbo wenyewe uliowekwa hadharani, inauchambua makonyo, inauanika kwenye jamvi lake yenyewe, yaani inaugeuza kuwa faili kwenye kompyuta zake, ndipo inaweka muhuri wake na kukupa wewe. Kwa baadhi ya programu inakwenda mbele zaidi: inaanika zake, inalinganisha na zile alizoanika mkulima mwenyewe, zikilingana sawasawa unapewa zenye muhuri wa mkulima.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba ulichonacho kwenye simu ndicho kile kile kinachosomeka hadharani. Mtu akitaka kuficha kitu cha kunyonya namba za simu za watu wako, itambidi akifiche kwenye maandishi ambayo dunia nzima inaweza kuyafungua. Hilo si muhali, lakini ni gumu kuliko kukificha ndani ya gunia.

Na ndiyo maana matangazo yamekwisha. Matangazo yale ya kamari hakuyaandika aliyetengeneza programu yako ya zamani. Yeye aliingiza ndani ya programu yake kifurushi cha kampuni ya matangazo, na kifurushi hicho ndicho kinachoamua nini kitokee, saa ngapi, mbele ya nani. Vifurushi vikubwa vya namna hiyo msimbo wake umefungwa, na F-Droid haipokei programu yenye kipande kilichofungwa. Hakuna aliyekaa kuyafuta matangazo moja moja. Hayakupata njia ya kuingilia.

Hebu fanya hivi sasa hivi ukiwa na simu mkononi. Fungua F-Droid, tafuta Al-Azan, bonyeza ukurasa wake, shuka chini taratibu. Utaona toleo, tarehe, ukubwa wa faili, na kiungo cha kwenda kwenye msimbo. Utaona pia orodha ya ruhusa inazozitaka. Isome hiyo kama unavyosoma barua ya mzazi anayeomba mwanawe atoke mapema. Programu ya sala kutaka kujua ulipo, inaeleweka. Kutaka kukuamsha Alfajiri simu ikiwa imelala, inaeleweka. Ingetaka kusoma meseji zako, ungeuliza: za nini? Kisha tafuta programu nyengine yoyote humo, angalia kama ina alama ya onyo. F-Droid ina tabia nzuri ambayo sijaiona kwa wengine: programu ikiwa na jambo ambalo mtumiaji huenda asilipende, kwa mfano inategemea huduma ya kampuni iliyofungwa, au inafuatilia matumizi yako, au ina udhaifu wa usalama unaojulikana, duka lenyewe linakuandikia hapo hapo kwenye ukurasa.

Kwenye hili la kujua ulipo, niruhusu nikae kidogo, maana linanigusa. Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya sala iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na wateja wa kampuni hiyo walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kwamba iliuza taarifa moja kwa moja kwa jeshi, na ikatangaza kuvunja uhusiano wake na X-Mode. Watumiaji wale hawakufanya uzembe wowote. Walipakua kutoka maduka rasmi na wakatoa ruhusa ya mahali kwa sababu ya maana, wapate kujua kibla na wakati.

Hesabu ya nyakati za sala haihitaji kumwambia mtu yeyote ulipo. Inahitaji latitudo, longitudo na tarehe, na simu ndogo kabisa inaimaliza peke yake bila intaneti. Wete iko mashariki ya Mjini Unguja kwa zaidi kidogo ya nusu ya digrii, na kila digrii moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua linakufika wewe kichwani kama dakika mbili kabla halijanifika mimi hapa Darajani. Al-Azan inakuruhusu kuandika mahali ulipo mwenyewe, mara moja, bila kuwasha GPS. Andika Wete, chagua hesabu ya Alasiri ya kishafii, kisha kwa siku tatu nne linganisha na adhana ya msikiti wako na ratiba yenu. Ikiwa Alfajiri au Isha inapishana, badilisha njia ya hesabu mpaka ikae sawa.

Sasa tuje kwenye lile onyo na ule mlango.

Android kwa kawaida haikubali programu ije kutoka popote isipokuwa duka lililokuja na simu. Ukitaka kuleta kutoka nje, lazima utoe ruhusa. Zamani ilikuwa swichi moja ya simu nzima. Ukiiwasha, chochote kinaweza kuingia. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, ruhusa hutolewa kwa kila mlango peke yake: unairuhusu programu fulani ilete nyengine. Kijana wako alipofika kwenye tovuti ya F-Droid alitumia kivinjari, labda Chrome. Kwa hiyo alikiruhusu kivinjari kuweka programu, hapo ndipo onyo likatokea, na ni onyo la haki. Kisha F-Droid yenyewe ikaomba ruhusa yake, akaipa. Sasa umebaki na milango miwili. Wa F-Droid unauhitaji. Wa kivinjari kazi yake imekwisha, lakini ukiwa wazi basi tovuti yoyote utakayoifungua usiku na ikakuwekea faili, simu itakuwa imeshapunguza ulinzi wake.

Fungua Mipangilio. Juu kuna sehemu ya kutafutia. Andika "zisizojulikana", au kama simu yako iko kwa Kiingereza andika unknown. Itakuja orodha ya programu, na mbele ya kila moja imeandikwa kama imeruhusiwa au la. Chrome, zima. WhatsApp ikiwa imeruhusiwa, zima haraka. Kidhibiti cha mafaili, zima. Ibaki F-Droid peke yake. Play Protect, ile inayokagua programu kwa niaba ya Google, iache ikifanya kazi. Inakagua kila kilichomo kwenye simu, kiwe kimetoka Play Store au kwengine.

WhatsApp nimeitaja kwa makusudi. Wiki chache zilizopita alinijia mzee mmoja wa shamba, simu ameifunga kwenye leso. Alikuwa ametumiwa kwenye kundi la familia faili la "zawadi ya bando GB 50". Aliligusa, simu ikamuonya, akakubali, ikamuonya tena, akakubali. Nilipoangalia ruhusa za programu ile nikakuta inasoma meseji zote zinazoingia, na imepewa huduma ya ufikivu, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya wasioona na inaruhusu programu kuona kila kilichopo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Maana yake namba ya uthibitisho ikija kwa meseji, mwengine anaisoma kabla yake. Alhamdulillahi hakuwa na salio. Mtu wa namna hii ndiye anayemtisha fundi wako, na nina hakika na yeye ameshaona kadhaa mezani kwake. Kuanzia Android 13 simu imeanza kuizuia huduma hiyo kwa mafaili yaliyoletwa ovyo, lakini simu nyingi za huku ni za zamani kuliko hapo.

GB WhatsApp inaingia kwa mlango huo huo. Mwanao ameona kijana wako kaweka kitu kutoka nje ya Play Store, akadhani na hii ni jamaa yake. Kwa kweli zinapishana kabisa. GB WhatsApp ni WhatsApp ya watu iliyofunguliwa na kushonwa upya na wasiojulikana. Msimbo haupo hadharani, na hutoikuta F-Droid. Mwaka 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, programu ya aina hiyo hiyo, virusi vinavyoitwa Triada, vilivyoingia kupitia kifurushi cha matangazo. Na WhatsApp wenyewe huwafungia akaunti wanaotumia hizo. Muulize mwanao anataka nini hasa kwenye GB. Wengi wanataka kuficha kuwa wako hewani au kutumia namba mbili. Yote mawili WhatsApp ya kawaida inaweza. Mkae pamoja mtafute kwenye mipangilio.

Nisingekuwa mkweli kwako kama ningeacha upungufu wa F-Droid. Karafuu zinazoanikwa upya zinachelewa. Mtengenezaji akitoa marekebisho leo, F-Droid inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwengine zaidi, kuyafikisha kwako. Kwa programu ya sala haina neno. Kwa kivinjari, ambacho kinakutana na kila uchafu wa intaneti, ucheleweshaji ni hatari ya kweli. Kwa hiyo kivinjari chako kiache Play Store kikisasishwa huko. Pili, hakuna mtu anayesoma kila mstari wa programu elfu tatu. Msimbo kuwa wazi kunampa nafasi mchunguzi, hakumleti mchunguzi. Programu yenye watumiaji wengi na marekebisho ya karibuni inasomwa na wengi, ile ya mtu mmoja iliyolala miaka mitano huenda hajaisoma yeyote. Angalia tarehe ya toleo la mwisho kabla hujaweka.

Jengine linawatesa watu wengi bila kulijua sababu. Kila programu ina muhuri wa aliyeifunga, na Android haikubali toleo jipya lenye muhuri tofauti na la zamani. Ukiwa na programu ya kuandikia maelezo uliyoipata Play Store, ukataka kuihamishia F-Droid, simu itakataa mpaka uifute kwanza, na ukiifuta maelezo yako yanakwenda nayo. Usifanye hivyo kabla ya kutafuta ndani ya programu sehemu ya kutoa nakala, ukaihifadhi nakala mahali pengine, ukahakikisha inafunguka. Mwalimu mwenye alama za muhula mzima kwenye simu anaweza kuzipoteza kwa kubonyeza mara moja.

Pia wakati mwengine programu hubadilisha mmiliki. Mwishoni mwa 2023 msururu wa programu ndogo za Simple Mobile Tools, kalenda, picha, majina ya simu na nyenginezo, uliuzwa kwa kampuni ya ZipoApps, na watu wengi walihuzunika. Lakini kwa kuwa kisima kilikuwa cha wakfu, waliokuwa wakishiriki kuuandika walichukua msimbo ule ule wakaendelea nao kwa jina la Fossify. Ukitaka kalenda au kioneshi cha picha kisichokula nafasi, zitafute hizo.

Kijana wako akikutajia Aurora Store, hiyo ni kitu kingine: ni dirisha jengine la kuchungulia Play Store bila akaunti ya Google. Inafaa kwa simu zisizo na huduma za Google, lakini inakwenda kinyume na masharti ya Google, na programu zinazotoka humo ni zile zile zilizofungwa, na matangazo yake. Wewe una Play Store, huihitaji. IzzyOnDroid ni hazina nyengine inayoweza kuongezwa ndani ya F-Droid. Inapokea faili zilizofungwa na watengenezaji wenyewe baada ya kuzikagua, kwa hiyo marekebisho yanafika haraka lakini ule uanikaji wa pili haufanywi kwa kila programu. Ngoja uizoee hii kwanza.

Pesa sasa. Programu ya benki na ya kutuma pesa zichukue Play Store tu, na kabla ya kupakua soma jina la mtengenezaji, si rangi ya nembo. Zipo programu za benki zinazokagua simu na kukataa kufunguka zikiona jambo linalozitia shaka. Ikitokea, isomwe sababu iliyoandikwa, usiifute F-Droid kwa kukisia. Kutuma pesa kwa menyu ya nyota na reli hakutegemei duka lolote. Lakini Play Store nayo isikulaze usingizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Programu za namna hiyo zinataka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa wanaanza kuwapigia walimu wenzako. Duka kuwa rasmi hakuifanyi biashara iliyomo iwe na leseni.

Kuhusu nafasi na bando, hapa ndipo utafurahi. Programu nyingi za F-Droid ni ndogo kwa sababu hazibebi vifurushi vya watu. Ingia mipangilio ya F-Droid uiambie ipakue kwa Wi-Fi tu, isije ikala bando lako kwa kujisasisha. Na kuna kitu wengi hawakijui: mna sehemu ya kupeana programu na aliye karibu. Kijana wako akija tena, simu mbili mkiziunganisha kwa Wi-Fi, anaweza kukupa programu alizonazo bila MB hata moja. Walimu kumi skulini wanaweza kupeana baada ya mmoja tu kupakua.

Ile ramani nayo iache. Inatumia OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, inafanya kazi bila mtandao, na visiwa vyetu vina bahati ndani yake: kuanzia 2016, katika mradi uliowashirikisha Kamisheni ya Ardhi na hiyo hiyo SUZA anayosoma mtoto wa dada yako, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni ndogo, na picha zikawekwa wazi kwa wachora ramani. Jaribu kuitazama Wete yako, uone nyumba zilivyochorwa.

Jambo moja la kulifuatilia. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zenye huduma zake zitataka kila mtengenezaji awe amejisajili kwake kwa kitambulisho, hata kama programu haitoki Play Store. Kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwengine kuanzia 2027. F-Droid walipinga, wakasema utaratibu huo ungewamaliza, kwa kuwa hawawezi kuwalazimisha wanaojitolea wajisajili kwa kampuni. Novemba mwaka huo Google ilisema itaacha njia kwa watumiaji wazoefu waliokubali hatari. Mimi naona uchungu juu ya hili, kwa sababu mzee wa zawadi ya bando anahitaji kulindwa, na wewe pia una haki ya kuchagua kisima chako. Kwa leo simu yako haijabadilika. Ikianza kukukatalia marekebisho ya Al-Azan, utajua sababu.

Mwisho, lini uende kwa mtu ana kwa ana. Ukiona matangazo yanatokea kwenye kioo hali hujafungua programu yoyote, simu inapata moto ikiwa imelala, bando linaisha usiku, au kuna programu usiyoijua na haikubali kufutika, usibonyezebonyeze. Zima data, ipeleke. Na kama pesa zimeshatoka au umepokea namba ya uthibitisho ambayo hukuiomba, anza na mtoa huduma wako wa pesa kabla ya fundi: piga simu, azuie akaunti, kisha nenda ofisini kwao na kitambulisho, na polisi ukachukue taarifa. Ukimwachia fundi simu, laini itoe ubaki nayo mkononi, na namba ya siri ya pesa usimtajie hata akiwa ni jirani. Yule fundi wa Chake unaweza kurudi kwake vilevile. Muoneshe ukurasa ule wa Al-Azan wenye ruhusa na kiungo cha msimbo, muulize yeye angeitia shaka ruhusa ipi. Akikutajia moja yenye maana, niandikie nami niiangalie.